Mikanda Iliyokatwa

Haya yalimpata rafiki yangu, na mpaka leo hafungi mkanda garini bila kutetemeka. Kaka yake alikuwa dereva wa mashindano, mtu wa shari: leo kashinda, kesho kamvunja mwenzake taya. Mara ya mwisho alimgonga mpinzani makusudi kwenye kona, magari yote mawili yakapinduka. Mpinzani aliungua hadi kufa, akipiga kioo kwa ngumi. Kaka alitoka na mchubuko tu, na gari lake bovu likavutwa hadi gereji ya nyumbani.

Jumamosi alitaka kurudi mashindanoni na gari jipya.

"Mdogo wangu, kaniletee glavu gereji. Ziko rafuni, nyuma ya lile gari bovu."

"Kaka, mama amekulilia uache."

"Mama hulia hata akikata vitunguu. Nenda!"

Gereji haikuwa na dirisha. Mlango ulipojifunga nyuma yake, giza likawa totoro. Mikanda ya gari bovu fundi alikuwa ameshaikata vipande, maana mkanda ulioonja ajali hautumiki tena.

Alipogusa glavu, akasikia ngumi kwenye kioo: du! du! du! Halafu kifungo cha mkanda kikalia: ka!

Akawasha tochi ya simu. Kiti cha gari bovu kilikuwa kitupu. Mikanda ilikuwa mizima, imefungwa, imekaza, ikipanda na kushuka upesi upesi, kama kifua cha mtu aliyetoka kukimbia.