Panya kwenye Tundu la Hewa

Kila Jumamosi Marit Tollefsrud na bibi yake walikwenda kufanya usafi katika kanisa la Vesterby, Minnesota. Bibi alipiga deki ukumbi, na Marit, mwenye miaka kumi na miwili, alishuka chumba cha boila, mtambo wa moto uliopasha kanisa joto, kusafisha wavu wa tundu lililoingiza hewa kutoka nje. Aliichukia kazi hiyo kupita kiasi. Wavu ulinasa manyoya ya ndege, utando wa buibui na vumbi la mafutamafuta lililogandia vidoleni.

"Moto nao unavuta pumzi," Mzee Halvor, mtunza kanisa, alizoea kumwambia. "Ukiuziba pua, utatutapikia sumu."

Jumamosi ya karamu ya samaki, iliyofanyika kanisani kila mwaka, Marit alikuta balaa. Panya alikuwa amefia kwenye wavu. Tumbo lilikuwa limepasuka, na maji yake meusi yalichuruzika ukutani. Kinyaa kikampanda Marit hadi kooni, akatapika ndani ya ndoo. Hakuthubutu kumgusa panya yule. Alichukua blanketi kuukuu, akaliziba tundu lote, kisha akapanda juu huku akifuta mdomo.

"Umemaliza?" Mzee Halvor alimuuliza mlangoni.

"Nimemaliza, Mzee. Wavu unang'aa."

Ilipofika saa sita mchana ukumbi ulikuwa umejaa watu. Jikoni walichemsha samaki waliolowekwa magadi hadi wakawa laini na wenye kutetemeka kama makamasi. Harufu ilikuwa ya kukimbiza mbwa, kwa hiyo feni kubwa za kuvuta hewa ziliwashwa. Bibi, aliyekuwa akimenya viazi, akashika paji la uso.

"Kichwa kinanigonga, jamani."

"Ni hawa samaki tu, shoga yangu!" Mama Borghild, mpishi mkuu, alicheka. "Mwaka juzi walimwangusha mchungaji mzima!"

Mara kengele ya hewa ya sumu ikaanza kulia ukutani. Mama Borghild akapanda kiti, akaichomoa betri.

"Hii nayo kila mwaka inapigia kelele mvuke wa samaki. Hebu ongezeni feni!"

Bibi alijaribu kuinuka. Magoti yakamlegea, akaketi sakafuni, na viazi vikabingirika kila upande. Marit akalikumbuka lile blanketi. Akisema, kanisa zima litamjua kuwa ni mwongo. Akinyamaza, atampoteza bibi yake.

"Si samaki!" alipiga kelele. "Mzee Halvor, nimeziba tundu la hewa! Nilikudanganya!"

Mzee Halvor hakuuliza mara mbili.

"Wote nje! Acheni sahani!"

Alizima boila kwa swichi ya mlangoni, akambeba Bibi hadi kwenye theluji, na wazima moto wakaitwa. Walimvisha Bibi kinyago cha hewa safi, wakampeleka hospitali. Wazima moto wengine walifungua madirisha na kuipima hewa mpaka ikawa salama.

"Feni zilikuwa zinavuta hewa, na tundu limezibwa," Mzee Halvor alimweleza Marit. "Kwa hiyo zikavuta moshi wa boila urudi ndani. Sumu yake haina rangi wala harufu." Akampa glavu. "Haya, panya wako anakusubiri."

Marit alimtoa panya kwa koleo, akausugua wavu huku akiziba pua kwa bega. Mama Borghild alimshikia tochi, uso umemshuka.

"Wewe uliziba tundu, mwanangu, nami nikaziba masikio," alisema. "Betri nimeirudisha."

Kesho yake Bibi alirudi nyumbani. Marit alimwinamia magotini, akalia.

"Kinyaa hakijamuua mtu, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Kuficha ndiko nusura kuniue. Uchafu ukiuona, uondoe. Ukishindwa, sema, mtu akusaidie. Usiufunike ukasema kunang'aa."

Kisha akamwekea sahani ya samaki waliobaki. Walikuwa weupe, wanatetemeka, wananuka vilevile.

"Bibi, naomba niseme ukweli."

"Sema."

"Hawa samaki wananitia kinyaa kuliko yule panya."

Bibi alicheka hadi machozi yakamtoka. Akaivuta sahani upande wake, akamsogezea mkate.