Sauti ya Bibie

Jumanne ile, saa saba mchana, Ketrina aliita kutoka jikoni kwamba ugali uko tayari, na mumewe Nathanaeli akaitikia "nakuja" kabla hajatambua kwamba sauti iliyomwita haikuwa ya mkewe. Ilikuwa yake yeye Nathanaeli. Yaani ile nyembamba, ya puani, inayodeka mwishoni, ambayo aliitoa kazini kila alipowasemea wanawake.

Alicheka. Alidhani anataniwa. Akanawa mikono, akaketi, akasema, "Leo umeniweza." Ketrina hakucheka. Alikuwa amesimama na mwiko mkono mmoja, mkono mwingine kooni kama mtu aliyekwamwa na mfupa wa samaki. Na jiko zima lilinuka mablanketi ya jasho na mashine iliyopata moto. Nathanaeli aliijua harufu hiyo, maana alishinda ndani yake kutwa nzima, lakini haikuwahi kumfuata nyumbani.

Ngoja niieleze kazi yake, ingawa si kazi ninayopenda kuieleza. Mwaka huo wa 2004, pale Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, palikuwa na banda la video la Othmani. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili mchana uwe giza. Wateja walikuwa madereva, wapagazi na mawakala wa mizigo, wanaume watupu. Kando ya televisheni alikaa Nathanaeli na maiki, akizisema filamu za Kizungu kwa Kiswahili. Alijitangaza kwamba Kiingereza alikisomea Lusaka, na hakuna aliyemuuliza chuo gani.

Kilichompa jina mjini ni filamu moja ndefu. Mji wa Ulaya, maghorofa na mvua, majini na wanyonya damu wamejificha kwenye vituo vya treni, na mwanamke mmoja mwenye koti jeusi la ngozi anawawinda mmoja mmoja. Yeye ndiye stelingi, shujaa wa filamu. Sasa wateja wa Othmani hawakutaka stelingi wa kike. Siku ya kwanza walipiga miluzi na kudai mkanda mwingine, kwa hiyo Nathanaeli akawatengenezea. Yule mzee wa ofisini aliyeonekana dakika tatu akiongea na simu, akamfanya ndiye stelingi. Mwanamke akampa jina la Bibie. Bibie akikata kichwa cha jini, Nathanaeli alimsemesha, "Bosi wangu, nimevunja kucha, njoo unichukue!" Akikaa kimya akiwaza, alijaziwa maneno ya kumtamani bosi. Na wanawake wengine wote, mchawi, mhudumu wa baa, hata bibi kizee, walipewa sauti hiyohiyo moja, kwa sababu Nathanaeli alisema wanawake ni walewale tu, hakuna haja ya kuhangaika. Banda lilijaa mpaka watu wakakaa sakafuni.

Alipoishiwa maneno, aliyachukua nyumbani kwake. Hapa naona aibu kwa niaba yake. Ketrina alijifungua mtoto ambaye hakufika asubuhi, na usiku ule alilishika shati la mumewe akamwambia, "Nishike, usiniache peke yangu na giza hili." Mwezi haujaisha, Bibie akaonekana bafuni, mwanaume amesimama mlangoni, na Nathanaeli akayatoa maneno yaleyale puani, kwa kuguna. Banda lilitaka kuvunjika kwa vicheko. Kesho yake wapagazi waliwapigia kelele hizo wanawake sokoni. Ketrina alikuwa pale, anachagua nyanya. Jumapili hakwenda kwaya, na sauti yake ya pili, nzito, iliyokuwa inashikilia kwaya nzima, haikusikika tena kanisani.

Sasa, mpaka Jumatano jioni ya wiki ile, Ketrina hakuweza tena kusema neno lake hata moja. Akitaka kusema chumvi imekwisha, mdomo ulisema, "Bosi, mimi dhaifu." Macho yake yalimtazama Nathanaeli kwa hofu huku midomo inadeka, na yeye akasema labda ni mafua.

Alhamisi Nathanaeli alikwenda kazini kama kawaida. Othmani akawasha deki ya video, Bibie akatokea kwenye mvua, akafungua mdomo, na Nathanaeli akavuta pumzi ya kumsemea. Hakikutoka kitu. Sauti ya wanaume alikuwa nayo, ya bosi alikuwa nayo, ile nyembamba haikuwepo kooni, patupu. Watu wakaanza kuguna. Alitupa maiki akatoka mbio, akapita malori, akakatiza nyuma ya mashine za kusaga, na hata kabla hajaiona nyumba aliisikia, ile sauti ya puani, inacheka na kulia na kubembeleza, na aliposukuma mlango alimkuta Ketrina ameketi kwenye kigoda, uso ameuelekeza ukutani, ukuta mtupu usio na hata kalenda, akiwasemea wanawake wote wa mkanda ule mmoja baada ya mwingine, bila kukosea, palepale filamu ilipokuwa imefika bandani, na harufu ya mashine ya moto imejaa chumba mpaka macho yanawasha, na machozi yanamtiririka mashavuni wakati mdomo unacheka.

"Ketrina," alinong'ona. "Mke wangu, acha."

"Bosi wangu umekuja," mdomo ukajibu. Ketrina akaufunika kwa viganja vyote viwili, na sauti ikaendelea ndani ya viganja.

Ijumaa akaja baba mkwe, Mzee Anania, kutoka Igamba, na mkungu wa ndizi begani. Nathanaeli alitaka kumzuia mlangoni, akakosa sababu. Ketrina alipomwona baba yake alipiga magoti kumwamkia kama alivyolelewa, akainamisha kichwa, na kinywa chake kikasema, "Funga mlango, bosi, wasituone."

Mzee aliutua mkungu polepole. Ketrina alibaki chini, paji la uso limegusa sakafu.

"Mkwe," Mzee Anania alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "sauti hiyo mimi naijua. Mwaka jana nimeleta mahindi hapa, nikapita kwenye malori, ikawa inatoka kwenye spika. Watu wanacheka. Na mimi nikacheka." Akavua kofia. "Sikujua kama namcheka mwanangu."

"Baba, ni ugonjwa tu, utapita..."

"Jumatatu nakuja kumchukua. Kama hawezi kuniamkia kama mtu, anarudi kwetu, na wewe usimfuate."

Aliondoka hajanywa hata maji. Nathanaeli alikaa pale akiwaza jinsi wazee wa Igamba watakavyoelezwa. Alimpenda mke wake. Ni kweli alimpenda, ingawa mpaka hapa hadithi hii haijamsaidia kuthibitisha.

Jumamosi alizunguka njia ya nyuma ili wazee wa kanisa wasimwone, akaenda kwa Bi Zaitun, mama wa Kitanga aliyekuja Tunduma na mume dereva, akabaki kutibu watu. Bi Zaitun alikuja na chetezo cha ubani na ulimi mkali. Alimfunika Ketrina shuka jeupe, akafukiza, akasoma, mpaka moshi ukaifukuza ile harufu ya bandani.

"Nani wewe?" Bi Zaitun aliuliza.

"Sina jina," sauti ilijibu, nyembamba, lakini sasa haikudeka. "Ameniita Bibie. Nilikuwa napita njia tu. Nikakuta sauti imening'inia hewani, haina mwenyewe, haina hata mtu mmoja ndani yake. Nikaingia. Mimi ni jini, nimezaliwa kwa moto, nimepigana na wanaume wa ukoo wangu nikawashinda. Humo ndani nimevunjika kucha mara mia nne. Nimeombwa nivue. Nimelia sijaumia. Sasa nimetoka, na huyu ndiye mlango niliouona wazi, kwa sababu maneno mengine humo ni yake."

Nathanaeli aliinamisha kichwa. Hakuuliza maneno gani.

"Unataka nini uondoke?" alisema Bi Zaitun. "Mbuzi? Khanga? Manukato?"

"Yule mwanamke wa kwenye kioo cha televisheni ana maneno yake. Huyu mumewe ayaseme hayo, mbele ya wateja walewale, tangu mwanzo mpaka mwisho. Na kila mwanamke apewe yake. Akiruka neno, nabaki."

Bi Zaitun alimgeuzia Nathanaeli uso. "Umesikia. Kazi nyepesi, mkalimani wewe."

"Siwezi, bibi."

"Huwezi kwa nini?"

"Kiingereza sikijui," alinong'ona. "Natazama nyuso tu. Lusaka sijafika."

"Miaka sita!" Bi Zaitun alishika kiuno. "Miaka sita unawala watu mchana kweupe! Na bado una uso wa kuja kuniambia mkeo anaumwa."

Mkono ukatoka chini ya shuka. Ulikuwa wa Ketrina, umetulia, unaonyesha kabati. Nathanaeli alilifungua, na chini ya vitambaa akaikuta bahasha yenye cheti cha Ketrina cha kidato cha nne. Alama ya juu kabisa pale ilikuwa ya Kiingereza. Alikuwa amewahi kuambiwa siku za uchumba. Alikuwa amesahau.

Jumapili asubuhi, watu wakiwa makanisani, Othmani aliwafungulia banda. Ketrina hakuwahi kuingia humo, maana mumewe alisema si mahali pa wanawake. Alikaa benchi la mbele na daftari, na ile kazi ilikuwa ya kutisha kuitazama, kwa sababu katika giza lile la mablanketi mdomo wake uliendelea kubembeleza na kuguna na kumwita bosi, huku mkono wake, kwa mwandiko mnyoofu wa shuleni, ukiandika mambo mengine kabisa, ukurasa baada ya ukurasa, wala hakuna kati ya hiyo miwili uliousikiliza mwenzake. Nathanaeli alishika rimoti. Akionyeshwa kidole, anasimamisha. Hakuna aliyewahi kumwagiza kazi kwenye banda lile.

Saa nane watu wakajaa. Ketrina alikaa kwenye kona, khanga imefunika mdomo. Nathanaeli alifungua daftari, akasema kwa sauti yake ya kawaida:

"'Naitwa Mara. Kazi hii niliirithi kwa mama. Bosi wangu ni mwoga, lakini ndiye mwenye funguo za ofisi.'"

"Aaa, wapi Bibie?" mtu akapiga kelele.

Aliendelea. Mwanamke aliuliza majina ya waliokufa, akayarudia ili asiyasahau. Alimwambia jini kwamba anaogopa, kisha akamkata. Bafuni, pale palipoleta vicheko vyote vile, alikuwa anamwambia yule mwanaume, "'Toka. Ninaosha damu ya rafiki yangu.'" Mpagazi mmoja aliyeanza kucheka aliishia katikati.

Si kwamba Wazungu walikuwa wema sana. Mhudumu wa baa alitokea, akapiga ukelele, akauawa, na mwanaume mmoja akamlilia kwa dakika nzima. Ketrina alikuwa ameandika, na Nathanaeli akasoma: "Huyu hawakumpa neno. Wamemwandikia kufa tu, ili huyu kaka ahuzunike." Wa pili akafa hivyohivyo. "Na huyu." Wa tatu. "Na huyu." Kila aliposoma hivyo, kutoka kwenye kona sauti nyembamba ilitoa mguno mfupi, kama mtu anayetolewa mwiba.

Watu walianza kutoka. Mmoja alirusha ganda la muwa likampiga Nathanaeli kifuani. Othmani alimnong'oneza, "Unaniua, kaka, rudisha Bibie." Dereva mmoja Mzambia, mteja wa miaka yote, alisimama mlangoni akatikisa kichwa. "Leo ndiyo umesema vile anasema huyu mayo, huyu mama," alisema. "Siku zote tunasikia unadanganya. Tulikuwa tunapenda." Akatoka.

Kwa hiyo walijua. Nathanaeli akasoma tu, mpaka mwanamke wa kwenye kioo akatembea peke yake kwenye mvua, muziki ukapanda, na majina ya watengenezaji yakaanza kupita. Watu kama ishirini walikuwa wamebaki.

Akafunua ukurasa wa mwisho akidhani ni mtupu. Haukuwa mtupu. Na jini lilisema asiruke neno.

"'Haya si ya filamu,'" alisoma. "'Haya ni yangu, Ketrina.'" Hapo aliishusha maiki hadi gotini, akaendelea kwa sauti ambayo labda benchi la mbele tu lingeisikia. "'Usiku ule mtoto wetu alipokufa nilikuambia unishike. Hukunishika. Taa ilikuwa inawaka, nikakuona. Ulikuwa unayarudia maneno yangu kwa midomo, taratibu, ili usiyasahau.'"

Ilikuwa kweli. Hakuwahi kumwambia mtu, hata nafsi yake mwenyewe.

Balbu pekee ya banda ilizimika, ikawaka. Mablanketi ya madirishani yalivimba kuelekea nje, yote kwa pamoja, yakashuka, na ile harufu ya mashine ya moto ikatoka chumbani kama imefunguliwa mlango. Kwenye kona, Ketrina aliishusha khanga. Alikohoa mara mbili. Alijaribu sauti yake kwa mguno, kama walivyofanya kwenye kwaya kabla ya kuanza, na ilikuwa nzito, imekwaruza, ni yake.

Nathanaeli aliiangusha maiki, akapiga magoti kwenye maganda ya karanga. "Mke wangu. Asante Mungu. Twende nyumbani."

Ketrina aliwatazama wale wanaume ishirini, kisha akamtazama yeye, kisha maiki iliyolala chini.

"Umenong'ona," alisema. "Hawajasikia. Iokote, urudie."