Abiria Asiyepewa Jina

Haya hayakutokea mbali. Yalitokea hapa Mukuyuni, nyumbani kwa mdogo wangu Gedion, na mimi nilikuwa jikoni nikichambua muthokoi, yale mahindi ya kukoboa. Atakayesema nimeongeza chumvi akamuulize mwenyewe, kama atamjibu. Siku hizi Gedion hajibu mtu.

Ilikuwa asubuhi njema. Wavinya, mke wake, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume baada ya mimba kuharibika mara kadhaa, na hiyo ilikuwa siku ya tatu, siku ya kumpa jina. Sisi ni watu wa kanisa, lakini mila hii hatujaiacha. Mtoto ambaye hajapewa jina bado si wetu. Ni wa aimu, wale waliotangulia. Jina ndilo linalomvusha upande huu. Mama yetu, Kaluki, alikuwa amekuja kutoka Nuu na ushanga ambao Gedion angemvisha mtoto shingoni huku akimpa jina la marehemu baba yetu, Kilonzo.

Mama alimwekea Gedion mtoto mikononi.

"Mshike mpaka chakula kiive," alisema. "Leo asilale peke yake."

"Sawa, mwaitu," alimjibu mama yake.

Sasa, Gedion ana ugonjwa wake mmoja: ndege. Anatengeneza simu sokoni, hajawahi kupanda ndege hata ya kwenda Mombasa, lakini chumba cha nyuma amekijaza kompyuta, usukani na kiti cha gari kuukuu, na humo hurusha ndege za kompyuta kutoka Nairobi hadi London. Ukishapita Turkana ni mchanga tu, saa baada ya saa. Siku moja nilimuuliza anavumiliaje, akacheka. Kuna kitufe, aliniambia. Ukikibonyeza, saa zinakimbia, na safari ya mchana kutwa inaisha kabla chai haijapoa.

Kungoja chakula kulimchosha. Akaingia chumbani na mtoto mapajani.

Nilipompelekea chai, jua la kwenye skrini lilikuwa likikimbia angani.

"Umefika wapi?"

"Sudan. Nimezidisha mwendo wa saa mara kumi na sita, sista. Hii jangwa inaboesha."

Mtoto alikuwa kimya. Nilifurahi kwamba amelala, nikainama kumfunika, na hapo nikaona kucha zake. Nilikuwa nimemwogesha mwenyewe asubuhi. Zilikuwa laini kama karatasi. Sasa zilikuwa ndefu, ngumu, zimejikunja na kuingia nyamani.

"Gedion," nilinong'ona. "Zima hiyo kitu."

Akatazama chini. Akabonyeza kitufe. Saa hazikupunguza mwendo. Akabonyeza tena. Jua likatua, likachomoza, likatua. Akachomoa waya ukutani. Waya ulikuwa mkononi mwake, na ndege bado iko angani.

Nikajaribu kumnyanyua mtoto. Nilishindwa. Alikuwa mdogo vilevile, lakini mzito kama mtu mzima.

Nikamwita mama. Alisimama mlangoni, akaona, akashika kichwa.

"Umempeleka wapi mtoto asiye na jina?"

"Ni kompyuta tu, mwaitu. Hatujaenda mahali."

"Saa unazoruka haziendi bure," mama alisema polepole. "Sisi tuna majina, zinatupita. Zinamwangukia asiye na mwenyewe. Mpe jina. Sasa."

Gedion akachukua ushanga. Kifundo kilikataa kufungika. Ngozi ya mtoto ilikuwa ikikunjamana mbele ya macho yetu, na vinywele vyake vikageuka vyeupe. Wavinya alikuwa nyuma yangu, ameshikilia mlango. Uso wake sitausahau, alikuwa ameshajua.

"Kilonzo," Gedion akasema. "Wewe ni Kilonzo."

Mtoto akafungua macho. Akamtazama baba yake vile mzee aliyechoka humtazama mgeni aliyechelewa. Akavuta pumzi moja ndefu. Hakuvuta nyingine. Kwenye skrini ndege ilikuwa imeshatua, milango iko wazi.

Daktari tuliyemwita alisema watoto wachanga hufa, ndiyo dunia. Mama alipomuuliza kuhusu zile nywele, alivua glavu akatoka nje. Tulimzika jioni hiyo bila wimbo, maana hatukujua tunamzika mtoto au mzee. Gedion hajalia mpaka leo. Mimi namwombea kwa sababu sina lingine la kufanya, ingawa siamini tena kwamba maombi yanafika huko mtoto wetu alikopelekwa.

Kesho yake Wavinya alitaka kufua shali aliyokuwa amefungiwa mtoto. Nilikuwa naye uani alipoikung'uta. Meno yakaanguka. Kwanza yalikuwa madogo, meupe, ya utotoni. Kisha makubwa, ya manjano, yaliyolika kwa miaka mingi ya kutafuna. Wavinya alichuchumaa akayaokota moja moja, akayapangusa mchanga kwa upindo wa leso. Gego moja lilikuwa limezibwa tundu na daktari wa meno, vizuri kabisa.