Majivu Ndani ya Mshale

Jua la jioni lilikuwa linagusa vilele vya milima Twila Cogar alipokwenda bandani kwa mdogo wake, Wendell, kuchukua majivu ya baba yao. Kesho yake mchungaji angemzika mzee Denzil kando ya mkewe, na Twila alitaka sanduku lilale kwake, lipanguswe vumbi na kufunikwa kitambaa safi. Wendell alikuwa amelishikilia tangu mzee achomwe, kwa ubishi tu, na kwa ubishi Wendell hana mpinzani bonde zima.

Sanduku lilikuwa juu ya meza ya kazi. Twila akalinyanyua.

Lilikuwa jepesi.

Pembeni yake palikuwa na vipande vya mirija ya kaboni, ile myeusi ya kutengenezea mishale, iliyo wazi ndani tangu mwanzo hadi mwisho. Palikuwa na karatasi iliyokunjwa kama faneli, gundi, na mzani mdogo wa kupimia ncha. Kwenye sahani ya mzani palikuwa na vumbi la kijivu.

Hakuhitaji kuambiwa. Msimu mzima Wendell alikuwa akilalamika kwamba mishale yake ni myepesi mno kwa upinde wa zamani wa mzee. Upinde ule ulizoea mishale mizito ya mti ya mzee. Ukiuwekea mwepesi hupiga kelele, na mshale hugonga bega la kulungu usiingie. Wendell alijaza mchele, ukacheza ndani kama kayamba. Akajaza uzi wa mashine ya kufyekea nyasi, akafunga ncha nene ya shaba. Haikutosha. Mzee, alipokuwa hai, alimcheka mbele ya wanaume wote dukani: mshale mtupu kwa mtu mtupu.

Sasa mtu mtupu alikuwa amepata cha kujazia.

Hasira zilimpanda Twila mpaka masikio yakawaka moto. Baba mzazi, kafanywa mchanga wa kuongezea uzito. Na hakuwa baba wa kuchezewa. Denzil Cogar alikuwa mzuia damu. Mtu akijikata kwa shoka huko msituni, walimkimbilia yeye. Alitaja jina lote la majeruhi, akasema ule mstari wa Biblia wa kuzuia damu, wa kitabu cha Ezekieli, na damu ilisimama. Karama hiyo mwanamume humpa mwanamke, na mwanamke humpa mwanamume, basi mzee alimrithisha Twila. Wendell aliona kaibiwa hata hiyo. Alipompa maneno, mzee alimwonya binti yake jambo moja tu: kinywa chenye hasira hakizuii damu.

Twila akatoka mbio kuelekea mlimani, kwenye dungu la juu ya mti ambako Wendell huwinda jioni. Alitaka kuwahi kabla hajaachia mshale. Mshale hauui kwa kishindo, huua kwa damu kumwagika. Sasa ukiujaza mzuia damu...

Hakutaka kulimaliza wazo hilo.

Giza lilikuwa linaingia chini ya miti. Akasikia sauti.

Tak... tak... tak.

Kitu kilikuwa kinagonga magome ya miti, kikishuka njia ileile. Ikaja harufu ya moshi uliopoa. Kisha kulungu dume akatokeza, anatembea polepole, kichwa juu. Mshale ulikuwa umempita kifuani, mahali pa moyo, unyoya upande huu na ncha upande ule. Kila alipopita karibu na mti, ulibisha.

Hakuwa na tone la damu.

Alimpita Twila karibu kabisa, bila kumwogopa. Nyuma yake, mbali kidogo, sauti ikaendelea.

Tak... tak.

"Dada," mtu akanong'ona. "Usipige kelele."

Alikuwa Wendell. Koti lake lilikuwa wazi. Mshale mwingine ulikuwa umemwingia chini ya titi la kushoto, ncha imetokea mgongoni, na shati lake lilikuwa kavu.

Akasimulia kwa pumzi fupi. Alimpiga kulungu vizuri, kama mzee alivyokuwa akipiga. Mnyama akaanguka, akainuka, akaja kusimama chini ya dungu akimtazama. Akangoja weee, mnyama haondoki. Mwishowe akachomoa mshale wa pili, mguu ukateleza. Akaanguka juu ya mshale huo.

"Hauumi," alisema. "Baridi tu. Na kuna mtu anakohoa humu ndani."

"Umemfanya nini baba, wewe?"

"Uchomoe kwanza. Useme yale maneno. Utanigombeza baadaye."

Twila akaushika. Mshale ulikuwa na joto, joto la mkono wa mtu. Akaanza, "Wendell Ray Cogar..." Ulimi ukagoma. Alichungulia moyoni mwake na kukuta hasira imekaa, haina hata dalili ya kuondoka.

Ndipo bondeni pakasikika mshindo. Kulungu alikuwa amejipenyeza kati ya miti miwili iliyobanana. Mshale ukanasa, yeye akavuta mbele, ukamtoka. Damu yake yote ikamwagika kwa mara moja, kana kwamba ndoo imepigwa teke. Hakupiga hatua nyingine.

Twila akauachia mshale wa mdogo wake taratibu, kidole baada ya kidole.

"Ungemwomba akusaidie alipokuwa hai," alisema, kwa uchungu.

"Nilimwomba."

 Wakashuka wote wawili, Wendell akitembea kiupandeupande asiguse miti.

Mzee alizikwa akiwa pungufu. Wendell alisimama kaburini amejifunika koti pana la baba yao, na watu wakasema huzuni imempinda mgongo. Hospitali hakwenda, maana daktari yeyote angeanza kwa kuuchomoa. Kuukata hawakuthubutu, majivu yangemwagika. Hula maharage na mkate wa mahindi kama kawaida, hulala amekaa, na wanaomsalimu husema mkono wake una ubaridi wa pampu ya kisimani.

Kila jioni huja kubisha kwa dada yake.

"Dada, umeshanisamehe?"

Na Twila hujichunguza moyoni, kwa haki kabisa. Humkumbuka Wendell mdogo, alivyokuwa akimfuata mzee nyuma akibeba podo. Karibu ailegeze roho... kisha huona lile vumbi kwenye sahani ya mzani. Humwambia bado. Kumdanganya hawezi, akiuchomoa kwa msamaha wa uongo damu haitasimama, naye atakufa papo hapo.

Lakini siku hizi, akishafunga mlango, hasira yake haimwendei Wendell peke yake. Humfikiria mzee aliyecheka dukani mbele za watu, na mtoto aliyeomba asipewe. Hiyo nayo huwaka, na ni ya zamani kuliko ile ya kwanza. Hajui aizime kwa kitu gani.

Jana mlango ulibishwa mapema. Kabla ya salamu, mtu alikohoa. Kikohozi kizito, kikavu, ambacho Twila alikisikia utoto wake wote nyuma ya ukuta wa chumba. Alifungua. Alikuwa Wendell peke yake, midomo imefumba.

Sauti ikatoka kifuani mwake, chini ya koti.

"Binti yangu, umeshatusamehe?"

Twila alishika kitasa kwa mikono miwili.

"Bado," alisema. "Wote wawili."