Pete ya Kauri

"Wewe kaka, mguu wangu si zulia!"

Glenda Hallam alikanyagwa na Wayne Spendlove kwenye foleni ya samaki na chipsi, soko la Derby, Uingereza, siki ikiwachoma pua. Koti lake jekundu lilipata mafuta, naye akapata namba ya simu. Kumbe walikuwa kiwanda kimoja cha injini za ndege: Wayne alichonga vipande vya kauri vinavyokaa palipo na moto mkali kuliko kote, Glenda alivikagua. Miezi minane wakawa hawaachani na simu.

Kisha kipande kibovu kikapotea. Kila chenye ufa husagwa mbele ya Glenda, maana kikiponyoka kikafungwa kwenye injini, ni roho za watu angani. Siku tatu injini hazikutoka kiwandani. Glenda alipekua hadi mapipa ya taka. Alimhoji mzee Clifford wa stoo mpaka mzee wa watu akalia.

Wayne akapiga simu. "Njoo mtoni, mpenzi. Vaa lile gauni la kijani."

"Sina hamu, Wayne."

"Njoo tu, utacheka."

Walipokutana mtoni, Wayne akapiga goti, akafungua kisanduku. Pete nyeusi, inang'aa.

"Kauri ya injini, nimeichonga mwenyewe. Haiungui hii, mama!"

Glenda akarudi hatua moja nyuma. "Umeitoa wapi?"

"Si kale kabovu? Kangesagwa bure tu."

"Clifford amelia mbele yangu! Na wewe jioni unanipikia chai, unaniambia pole!"

"Nilitaka nikushangaze..."

"Unanitia kinyaa. Usiniguse!"

Alinawa mikono mara mbili alipofika kwake, ingawa pete hakuigusa. Simu ililia, akaikata. Ikalia tena, akaizima. Hata koti lile jekundu hakutaka kuliona.

Asubuhi alimkuta Wayne kwenye mashine ya kusagia, na mkuu wa kazi, na Clifford. Mkononi Wayne alikuwa na pete, masalio na mfuko wa vumbi lililotoka alipoichonga.

"Vyote viko hapa," alisema. "Mzee Clifford nimemwomba radhi."

Mashine ikasaga. Glenda akapima uzito, ukalingana na wa kile kipande kilichopotea, akatia sahihi. Mkuu akamvua Wayne kitambulisho cha kazi.

Glenda alimfuata mpaka getini.

"Bado nakutia kinyaa?" Wayne aliuliza.

"Bado. Tena sana." Akamfunga vizuri kifungo cha shati. "Pete nyingine ukanunue dukani. Na uje na risiti."