Masizi Mdomoni mwa Chombo

Kila asubuhi, kabla ya chai ya kwanza, Istahil aliwasha makaa, akapepeta mchele, kisha akafukiza dhiil. Dhiil ni chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, na hakioshwi kwa sabuni. Unatia ndani kijinga cha moto, unafunika, unatikisa mpaka moshi uingie katika kila tundu la msuko, halafu unasugua kwa ufagio mdogo. Moshi huo ndio unaokisafisha na kuzuia maziwa yasichache upesi. Ni kazi ya nusu saa, na macho hutoka machozi.

Istahil alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa akijifunza upishi kwa wiki tatu za likizo katika hoteli ndogo ya Mama Lul, mtaa wa Waberi, mjini Garissa. Mama Lul alimwahidi mama yake kwamba akifanya vizuri atapewa nafasi hiyo kila likizo. Msichana huyo hakuwa mwongeaji. Kulow, aliyepeleka chakula mezani, alimtania kuwa hata sufuria zina maneno mengi kuliko yeye.

Wateja wengi walifuata maziwa ya ngamia. Yaliletwa na Weris, mjane aliyepokea mitungi kutoka kwa wafugaji nje ya mji na kuisambaza katika hoteli tano. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wake wanne.

Jumatano ya wiki ya pili, Istahil alichelewa kuamka. Alipofika jikoni, makaa hayakuwa yameshika na Weris alikuwa karibu kuingia. Akatazama huku na huku. Akakwangua masizi chini ya sufuria, akayapaka mdomoni mwa chombo. Kikawa cheusi, kikanukia moshi kama siku zote. Mama Lul akakinusa juu juu, akaridhika. Weris akamimina maziwa.

Adhuhuri wafanyabiashara wa mifugo kutoka Modogashe waliyasukuma mabakuli kando. Maziwa yalikuwa yamechacha. Mmoja wao akauliza kwa sauti kama hapa wageni hupewa maziwa ya juzi. Kwa aibu, Mama Lul akamtuma Kulow sokoni kumwita Weris, naye akaja akihema.

Aliambiwa mbele ya wateja kwamba amechanganya maziwa ya jana na ya leo. Weris akaapa kuwa yalikamwa alfajiri. Akaomba kitu kimoja tu: chombo kiangaliwe.

Mama Lul akageuka. "Istahil, leo ulikifukiza?"

Istahil akatazama vidole vyake. Masizi yalikuwa bado kwenye kucha.

"Ndiyo, Mama."

"Basi umesikia," Mama Lul akamwambia Weris. "Kesho usije."

Weris alimtazama msichana kidogo, akabeba mtungi wake, akatoka.

Habari hazikukaa. Kufikia Ijumaa, hoteli zote tano zilikuwa zimemkataa. Kulow alisimulia akicheka kwamba amemwona ameketi kando ya soko, mitungi imejaa, na wapita njia wanamwita Mama Maziwa ya Jana. Jumamosi akaja na habari nyingine, safari hii bila kucheka. Weris alikuwa ameyamwaga maziwa mchangani, watoto wake wakitazama.

Istahil alikuwa akikata vitunguu. Akaweka kisu chini, akamwendea Mama Lul. Sauti yake ilikuwa ndogo mno, ikabidi aseme mara mbili.

"Sikukifukiza. Nilipaka masizi."

Mama Lul hakumpiga wala kumfokea. Alimwachia Kulow sufuria, akamshika msichana mkono, wakapita hoteli nne zilizobaki. Kila mahali Istahil alitakiwa aseme kwa mdomo wake mwenyewe. Katika hoteli ya pili wateja walimkodolea macho, na hakuna aliyemsaidia. Mwisho walifika sokoni, kwa Weris.

Weris alimsikiliza mpaka akamaliza. "Niliviona vidole vyako siku ile," akasema. "Ningesema mimi, wangeona natafuta mtoto wa kumtwika kosa langu. Nikangoja useme wewe. Nimengoja siku tatu."

Istahil akaomba msamaha. Weris akasema amesamehe, lakini hakumshika mkono.

Jumapili, hoteli nne zilimpokea Weris tena. Ya tano ilikwisha kupata muuzaji mwingine. Kwa Mama Lul, Istahil alifukiza chombo nusu saa nzima, Weris akiwa amesimama mlangoni. Kabla ya kumimina, Weris aliingiza pua ndani akanusa kwa muda mrefu. Hapo awali hakuwahi kufanya hivyo.

Weris alipoondoka, Mama Lul alinyoosha mkono, akaomba aproni.

"Nimekusamehe, na ukweli umeusema," akamwambia. "Lakini jikoni siwezi kuwa na mtu ambaye kila kazi yake lazima niinuse. Uvivu wako ulikuwa wa nusu saa, Istahil. Neno lako moja ndilo lililomwangusha mwenzako. Maziwa yakichacha tunayamwaga, na kesho ngamia atakamwa tena. Jina la mtu likimwagika, hata ukilichota, utalichota na mchanga."

Istahil akakunja aproni, akamkabidhi, akashika njia ya nyumbani. Likizo ilikuwa imebakiza wiki moja. Mikono yake ilinuka moshi, na siku hiyo ulikuwa moshi wa kweli.