Komeo la Tela

Kila siku akitoka shule, msichana alipitia nyumbani, akachukua chakula alichopika bibi yake na kumpelekea mama kazini. Mama alikuwa mfagizi katika ghala la saruji. Watoto hawakuruhusiwa kuvuka geti, hivyo alimngojea kwenye uzio wa waya, akitazama malori yenye matela yakiingia kupakuliwa.

Baba yake alikuwa kiongozi wa wapakuzi. Ndiye aliyemfundisha kuusoma mzigo: mifuko ikihama njiani hulalia ubavu mmoja wa tela, turubai likavimba kama shavu lenye jipu. Ubavu ule haufunguliwi. Mifuko hupunguzwa kwanza kutoka upande wa pili.

Sasa baba alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta. Dereva mmoja aliyeitwa Upepo kwa haraka zake alifungua komeo la ubavu bila kukagua, mifuko ikamporomokea baba. Kisha akamwambia msimamizi, macho makavu, "Mzee alikuwa anasinzia." Msimamizi akaamini. Baba akabaki na maumivu mawili, ya mguu na ya jina lililochafuliwa.

Kila aliposikia baba akiguna kwa kujigeuza, msichana alisaga meno.

"Siku yake yaja," alimwambia bibi.

"Hasira hasara, mjukuu wangu."

"Basi hasara hiyo nimeikubali, bibi."

Siku yenyewe ikafika. Lori la Upepo liliingia na kusimama karibu kabisa na uzio. Turubai la tela lilikuwa limevimba. Wapakuzi walikuwa kivulini wakila. Upepo akashuka akipiga mluzi, akaliendea komeo moja kwa moja.

Furaha chungu ikampanda msichana kooni. Hakuhitaji kurusha jiwe. Alihitaji kunyamaza tu. "Fungua," alisema moyoni. "Fungua, nawe uonje."

Komeo lilikuwa limekaza. Upepo akachukua nyundo, akajipanga vizuri chini ya mzigo, akainua mkono. Hapo msichana akakumbuka ukelele wa baba siku ile, aliousikia akiwa pale pale uzioni. 

"Acha! Usifungue! Mzigo umelalia huku!"

Upepo aliruka nyuma, nyundo ikamponyoka. Wapakuzi wakaja mbio, na msimamizi nyuma yao. Walipochungulia kutoka upande wa pili, waliona mifuko yote imeegemea ubavu ule.

"Leo tungekuchimbua kwa koleo," mpakuzi mmoja alisema.

Upepo aliiacha nyundo chini. Akasogea kwenye uzio. "Ahsante, binti yangu. Nikupe nini?"

"Mimi si binti yako. Waambie hawa: siku ile baba yangu alikuwa anasinzia?"

 Mama alikuwa amefika, fagio mkononi. Upepo alimtazama, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Hakuwa anasinzia," alinong'ona.

"Sema wasikie!"

"Hakuwa anasinzia! Alinikataza nisifungue. Nilikuwa na haraka, nikamsingizia."

Msimamizi akanyoosha mkono, akampokonya Upepo funguo za lori. Tangu siku hiyo Upepo hakuendesha tena gari la ghala lile, na hakuna ubavu wa tela uliofunguliwa kabla kiongozi wa wapakuzi hajaukagua na watu wote kusogea kando. Jioni hiyo msimamizi alikwenda mwenyewe kumwomba baba radhi.

Msimamizi alipoondoka, msichana aliketi ukingoni mwa kitanda. "Baba, bado namchukia."

"Mimi nami sijampenda," baba alijibu, na wote wawili wakacheka. Kisha akamshika mkono. "Lakini sikia, mwanangu. Ungenyamaza, angekufa na uongo wake, mimi ningebaki mzembe, na wewe ungeishi na kilio chake masikioni. Umemwokoa, ukamlazimisha aseme kweli mbele ya watu. Kisasi kingemvunja yeye tu. Haki imemfunza yeye, imenisafisha mimi, na kesho itamlinda mpakuzi ambaye hata humjui."